Apdeti ya Jumanne usiku, printa ya Jumatano asubuhi

*"Mimi ni mhasibu wa SACCOS ndogo. Tuna kompyuta sita. Printa moja imechomekwa kwa waya kwenye kompyuta ya katibu muhtasi, sisi wengine tunaprinti kupitia kwake, na folda ya vitabu vya hesabu iko humohumo. Hatujawahi kuweka neno la siri: ukibofya jina la kompyuta yake, unaingia. Jumatano iliyopita tulifika kazini tukakuta kompyuta zimejiapdeti usiku. Mbili haziingii tena kwa katibu. Zinaleta ujumbe kwamba sera za usalama za shirika letu zinazuia mgeni asiyejitambulisha, na sisi hatuna sera yoyote. Mbili nyingine zinaprinti kama kawaida. Laptopu ya meneja ndiyo iliyotutisha: inawaka kwenye skrini ya buluu, inadai tarakimu 48, haiendi mbele wala nyuma. Fundi wetu anasema apdeti imeharibu Windows. Anataka kuja Jumamosi afomati hizo tatu, aweke Windows upya, kisha azime apdeti kabisa kwenye zote sita. Wanachama wanasubiri taarifa zao dirishani. Tumruhusu?"*

Poleni sana. Jibu la haraka ni hapana, msimruhusu, angalau si kwa mpango huo. Zile mbili zisizoingia kwa katibu hazijaharibika. Laptopu ya meneja pengine nayo ni nzima, ila imefungwa, na kuifomati ndiyo njia ya uhakika ya kugeuza usumbufu wa siku mbili kuwa hasara ya moja kwa moja. Fundi simlaumu. Anafanya alichozoea, na kwa miaka mingi kufomati kulitatua mambo mengi. Safari hii hakutatui hata moja, na nitaeleza kwa nini.

Umeniletea mambo matatu yaliyotokea usiku mmoja, kwa hiyo yanaonekana kama ugonjwa mmoja. Sivyo. Nianze na lile lenye hatari ya kupoteza kitu kisichorudi.

Laptopu ya meneja

Kuna skrini mbili za buluu ambazo watu huzichanganya. Moja ni ya Windows iliyoanguka, ile iliyokuwa na uso wa huzuni kabla Windows 11 haijaigeuza nyeusi mwaka 2025. Nyingine, na ndiyo yenu, ni ya BitLocker, kufuli linalosimba diski yote ili mwizi akiiba laptopu asiweze kuchomoa diski na kusoma mafaili yenu kwenye kompyuta nyingine. Ufunguo wa dharura wa kufuli hilo ni tarakimu 48, katika mafungu nane ya tarakimu sita sita.

Siku zote hamuombwi ufunguo huo kwa sababu kuna chipu ndogo ndani ya laptopu, TPM, inayotunza ufunguo wa kila siku. Kila mnapowasha, chipu hupima namna mashine inavyoanza kuamka. Ikiona kila kitu ni kama jana, inatoa ufunguo kimyakimya na Windows inafunguka. Ni kama mlinzi wa getini aliyemzoea bosi kwa sura. Siku bosi akija amenyoa ndevu, mlinzi anaomba kitambulisho. Apdeti inayogusa sehemu za kuwashia mashine inaweza kuwa ndiyo kinyozi. Imeshatokea mara kadhaa hadharani: apdeti za Julai 2024 zilisukuma baadhi ya kompyuta kwenye skrini hiyo, ya Mei 2025 ikafanya hivyo kwa baadhi ya zenye Windows 10, na ya Oktoba 2025 kwa baadhi ya mashine zenye prosesa za Intel. Meneja hakukosea kitu.

Najua mtasema hamjawahi kuweka BitLocker. Huenda ni kweli hamkuiweka ninyi. Laptopu nyingi za miaka hii hujisimba zenyewe mtu anapoingia mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, na kuanzia Windows 11 toleo la 24H2 jambo hilo limekuwa la kawaida kwenye karibu kila usakinishaji mpya. Ufunguo nao hupandishwa kimyakimya kwenye akaunti hiyohiyo. Kwa hiyo swali linalowahusu ni moja: laptopu hii ilifunguliwa mara ya kwanza kwa akaunti ya nani?

Hapa ndipo ofisi zetu nyingi hukwama. Laptopu inanunuliwa dukani, muuzaji anaiwasha "ili mteja aione inafanya kazi", skrini inadai akaunti, naye anaweka barua pepe yake ili apite. Ufunguo unakwenda kwake, wala yeye mwenyewe hajui kama anao. Niliwahi kuhangaika siku nne na laptopu ya shule moja, tukaupata ufunguo kwenye akaunti ya kijana aliyeacha kazi dukani na kuhamia mkoa mwingine. Alishangaa kuliko sisi.

Fanyeni hivi. Pigeni picha skrini ile kwa simu. Kwenye skrini hiyo kuna kitambulisho cha ufunguo, herufi na namba zimechanganyika, na mnachohitaji ni zile nane za mwanzo. Kisha meneja aingie aka.ms/myrecoverykey kwa simu yake, akitumia kila barua pepe aliyowahi kuwa nayo, ikiwemo ile ya zamani aliyofungulia simu. Kama SACCOS ina barua pepe za kazi zilizo chini ya Microsoft, aliyewafungulia anaweza kuuona ufunguo upande wake. Mkikosa, pigeni simu dukani, kisha kwa yeyote aliyewahi kuisakinisha. Mkiona mstari ambao herufi zake nane zinalingana na za kwenye picha, andikeni tarakimu zote 48 polepole na laptopu itafunguka ikiwa na kila kitu chake.

Kama fundi aliingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijaamka, siku hizo akabadilisha chochote, kwa mfano akazima Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha, ili awashe kwa flashi, akirudishe kilivyokuwa. Wakati mwingine hilo peke yake linamfanya mlinzi amtambue bosi tena. Asifute TPM hata skrini ikimshauri.

Na ufunguo usipopatikana kabisa? Nitasema ukweli ingawa hautafurahisha: mafaili yaliyomo ndani ya diski hiyo yamekwenda. Hakuna fundi wa mtaani wala wa ng'ambo anayevunja kufuli hilo, na atakayewaahidi kwa malipo ya awali anawachuna. Wakati huo, na si kabla yake, kufomati kunakuwa na maana, kwa sababu kutairudisha mashine ingawa hakutarudisha kazi.

Printa na folda

Ule ujumbe wa "sera za shirika" umewapoteza njia. Windows hutumia maneno hayo hata kwenye kompyuta ambayo haina shirika wala mtu wa kompyuta anayeisimamia. Soma "sera za shirika" kama "kanuni nilizokuja nazo kutoka kiwandani". Kilichotokea ni kwamba kanuni hizo zimebadilika.

Mlivyokuwa mkifanya kazi ni hivi. Kompyuta yako inabisha hodi kwa kompyuta ya katibu. Ya katibu haikujui, haina akaunti yenye jina lako, lakini kwa kuwa neno la siri limezimwa inasema: ingia tu kama mgeni. Mgeni haulizwi kitu. Ndiyo maana ilikuwa rahisi, na ndiyo maana ofisi nyingi zimeishi hivyo tangu enzi za Windows XP.

Sasa Windows 11 kuanzia 24H2, katika toleo la Pro, lile la kiofisi, inataka kila pakiti ya data inayosafiri kati ya kompyuta mbili kwenye njia ya kushirikishana mafaili iwe na muhuri, uthibitisho kwamba hakuna mtu katikati aliyeichezea. Muhuri huo hutengenezwa kutokana na neno la siri la anayeingia. Mgeni hana neno la siri, kwa hiyo hana muhuri. Hata katibu akimkubali, kompyuta yako yenyewe ndiyo inayogoma kuongea na mlango unaopokea watu bila kuwauliza. Kaa na hilo kidogo: kinachokataa hakiko kwa katibu wala kwenye printa. Kiko kwenye meza yako.

Hilo pia linafumbua kwa nini mbili bado zinaprinti. Apdeti hazifiki kwa zote siku moja. Kwenye kila kompyuta bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Kidirisha kidogo kitataja toleo. Nitashangaa kama zile mbili zinazogoma hazitasema 24H2 au 25H2, na zile mbili zinazoprinti hazitakuwa na toleo la nyuma, au toleo la Home, lile la nyumbani, ambalo halikubanwa hivyo. Toleo la 23H2 la Home na Pro lilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 11 Novemba 2025, na kompyuta iliyobaki nyuma husukumwa mbele hata kama mwenyewe hakuomba. Hizo mbili nzima zinasubiri zamu yao tu. Siku ya katibu ikifika ndiyo mtajua, kwa sababu wakati huo mgeni atakataliwa na yeye mwenyewe, na ofisi nzima itasimama.

Sasa fikiria Jumamosi ya fundi. Anafomati, anaweka Windows mpya. Kama flashi yake ina toleo jipya, saa sita mchana mtakuwa na kompyuta safi kabisa inayoleta ujumbe uleule. Kama ina toleo la zamani, printa itafanya kazi mpaka apdeti nyingine. Ndiyo maana anataka kuzizima: kuzima apdeti ndiko kunakofanya dawa yake ionekane imeponya.

Dawa yenyewe ni kumpa mgeni jina. Kwenye kompyuta ya katibu, fungueni akaunti mpya ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kusakinisha, muiite tuseme "ofisi", yenye neno la siri. Washeni kushirikiana kwa neno la siri (Password protected sharing). Kisha folda ya hesabu na printa muishirikishe akaunti hiyo badala ya kila mtu. Kwenye kila kompyuta nyingine, fungueni Credential Manager, sehemu ya Windows inayohifadhi majina na maneno ya siri, ongezeni kitambulisho cha Windows: anwani ni jina la kompyuta ya katibu, mtumiaji ni jina hilohilo la kompyuta, mkwaju wa kurudi nyuma, halafu ofisi. Kama kompyuta yake inaitwa KATIBU, mnaandika KATIBU\ofisi. Mkishahifadhi, washeni upya na mjaribu. Ni mara moja tu. Baada ya hapo mnabofya na kuingia kama zamani.

Kuna mitego mitatu hapa, na yote nimeiona ikila saa za watu.

Wa kwanza ni PIN. Katibu anaingia kwenye kompyuta yake kwa tarakimu nne kila asubuhi, basi mtu anaandika tarakimu hizo kwenye kompyuta nyingine, zinakataliwa, anaapa kwamba neno la siri ni sahihi. PIN ni ya kompyuta ileile tu, haivuki mtandao. Kinachovuka ni neno la siri lenyewe, ambalo mara nyingi katibu ameshalisahau. Ndiyo sababu nasema mfungue akaunti mpya badala ya kutumia ya kwake.

Wa pili ni neno la siri tupu. Watu hufungua akaunti wakaacha nafasi wazi ili mambo yawe mepesi. Windows hairuhusu akaunti ya namna hiyo kuingia kupitia mtandao, tangu zamani.

Wa tatu ni aina ya mtandao. Baada ya apdeti kubwa, au ruta ikibadilishwa, Windows inaweza kuuhesabu mtandao wa ofisi kuwa wa hadharani, kama wa mgahawani, na kufunga kila mlango. Hakikisheni umewekwa kuwa wa binafsi, hasa kwa katibu.

Mnapoiunganisha printa upya mtaombwa neno la siri la msimamizi wa kompyuta. Hilo nalo ni tunda la apdeti, la Agosti 2021, baada ya kugundulika tundu lililoitwa PrintNightmare lililowawezesha wahuni kuteka kompyuta kupitia huduma ya kuprintia. Mwezi uliofuata ndipo ilipozuka ile hitilafu namba 0x0000011b iliyozitesa ofisi nyingi: kompyuta yenye printa ilianza kudai mawasiliano yaliyofungwa vizuri zaidi, na zile ambazo hazijaapdetiwa zikashindwa kuzungumza nayo. Mkikutana na namba hiyo, dawa yake ya kwanza ni kuziapdeti zote zilingane. Inashangaza, lakini mara nyingi aliyebaki nyuma ndiye anayevuruga.

Mtaona pia video zinazofundisha njia ya mkato: badilisha thamani fulani kwenye rejista, daftari la mipangilio ya ndani ya Windows, zima muhuri, ruhusu mgeni. Zinafanya kazi, sikatai, na dakika tano baadaye printa inanguruma. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe kwenye foleni ndefu ya mwisho wa mwezi. Lakini niliandika kwenye karatasi nilichobadilisha, na Jumatatu nikarudi kukirudisha. Folda yenye hesabu za akiba na mikopo ya wanachama si mahali pa kuacha mlango wa mgeni wazi.

Kama printa yenu ina tundu la waya wa mtandao au Wi-Fi, iacheni kompyuta ya katibu kabisa. Ichomekeni kwenye ruta, ipewe anwani yake isiyobadilika, na kila kompyuta iprinti moja kwa moja kwake. Ningekuwa mimi, hiyo ndiyo ningeifanya kwanza, kwa sababu siku katibu akiwa likizo na kompyuta yake imezimwa, taarifa za wanachama bado zinatoka. Folda ndiyo itabaki kwa katibu na akaunti yake ya "ofisi".

Kuzima apdeti kabisa

Naelewa hasira. Apdeti za usalama za Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili usiku, au saa tatu wao wakirudisha saa nyuma. Kompyuta iliyoachwa ikiwaka inazishusha usiku na kuziweka kabla ya kuku kuwika. Matatizo yake yanakuja Jumatano asubuhi, dirisha likifunguliwa. Mkiwa na kalenda ukutani, tieni alama Jumatano hizo, na kazi ya kuprinti taarifa za wanachama muipange Jumanne.

Na si kweli kwamba apdeti hazikosei. Ile ya tarehe 14 Oktoba 2025 iliua kipanya na kibodi za USB, tena mahali pabaya kuliko pote: ndani ya mazingira ya kuokolea Windows. Ukiwa umekwama na unahitaji kubofya "rekebisha", huna cha kubofyea. Marekebisho yalitoka tarehe 20 Oktoba, siku sita baadaye. Aliyesubiri wiki moja hakuliona hilo tatizo.

Lakini kusubiri wiki ni kitu kimoja, na kutoapdeti kabisa ni kingine. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu kwenye njia ya kushirikishana mafaili. Tarehe 12 Mei, siku 59 baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili kwenye nchi nyingi kwa siku chache na kudai fidia. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha matibabu. Kiraka kilikuwa kimeshatolewa, wao hawakuwa wamekiweka. Angalia mlango ulioingiliwa: ni njia ileile ambayo ninyi mnapitia kuchukua folda kwa katibu. Kompyuta moja ikishikwa, tano zilizobaki ziko jirani.

Kama kuna kompyuta yenu yenye Windows 10, hiyo ndiyo ya kuihangaikia. Huduma zake za kawaida ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza wa viraka kwa watumiaji wa kawaida mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, baada ya hapo ni kuipandisha au kuistaafisha.

Njia ninayoipendelea kwa ofisi ya kompyuta sita ni kumtanguliza mmoja. Chagueni kompyuta isiyo ya katibu, ya mhasibu wala ya dirishani. Hiyo iapdetiwe mara tu. Nyingine tano zisimamishwe wiki moja kwenye ukurasa wa Windows Update, ambao unaruhusu hadi wiki tano. Alhamisi na Ijumaa mtumiaji wa ile ya kwanza aprinti, afungue folda, afungue programu ya hesabu. Akiwa salama, wengine wafuate. Kwenye toleo la Pro fundi anaweza kuliweka hili kwa sera, apdeti za kila mwezi zichelewe hadi siku 30, ili msitegemee mtu kukumbuka. Hiyo ndiyo sera ya shirika ya kweli, kama mlikuwa mnaitafuta.

Ukurasa huohuo una saa za kazi, ambazo ndani yake kompyuta haijiwashi upya yenyewe. Una pia sehemu ya kuruhusu kompyuta zishushe apdeti kutoka kwa wenzao kwenye mtandao wa ndani, badala ya kila moja kuivuta intaneti peke yake. Kwa mnaonunua bando, washeni hiyo leo.

Umeme nao una sehemu yake. Faili linalotumika haliwezi kubadilishwa likiwa kazini, kama usivyoweza kubadilisha tairi gari likitembea. Kwa hiyo Windows huandaa mafaili mapya pembeni, kisha huyabadilisha wakati wa kuwasha upya, ile skrini ya asilimia inayoonekana imelala. Ukikatika umeme hapo, mara nyingi Windows inajirudisha nyuma yenyewe na kusema inatengua mabadiliko. Mara nyingi, si mara zote. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, asilimia moja inaweza kukaa nusu saa bila kusogea. Taa ya diski ikiwa inapepesa, subirini. Kompyuta za mezani zisizo na UPS zisiachiwe kujiapdeti usiku wa mgao.

Kuiondoa apdeti, na lini muite mtu

Apdeti inaweza kutolewa ikithibitika ndiyo yenye kosa. Ile ya kila mwezi huondolewa kwenye orodha ya historia ya apdeti. Ile kubwa inayobadilisha toleo zima inaweza kurudishwa nyuma ndani ya siku 10, baada ya hapo Windows hufuta nakala ya zamani. Mkiruhusu programu ya kusafisha diski ifute folda iitwayo Windows.old mapema, njia hiyo inakufa siku hiyohiyo. Kwa shida yenu ya printa sishauri kurudi nyuma, maana mtakutana nayo tena. Ingekuwa programu ya hesabu imegoma kufunguka na mtengenezaji wake hajatoa marekebisho, hapo ningerudi nyuma bila aibu, nikasimamisha apdeti huku nikimpigia simu.

Kabla ya kuita mtu, jaribuni kuwasha upya kwa kuchagua Restart. Kuzima na kuwasha si sawa nayo. Kwenye kompyuta nyingi, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya ndani ya Windows kwenye diski na asubuhi kuirudisha kama ilivyoachwa, pamoja na draiva (programu inayoendesha kifaa kama printa) iliyochanganyikiwa. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Muite fundi aje mwenyewe kompyuta ikishindwa kuwaka mara tatu mfululizo na ukurasa wa kujirekebisha ukashindwa pia, diski ikitoa mlio wa kugonga, au kama mafaili ya kompyuta hiyo hayana nakala popote. Kwa diski inayogonga, zimeni mara moja na msiiwashe tena "kujaribu". Akifika, sentensi yenu ya kwanza iwe: nakili kwanza, tengeneza baadaye. Anayeanza na kufomati kabla ya kuuliza nakala iko wapi, mshukuruni na mmsindikize.

Jumamosi basi fundi aje, msimfungie mlango. Mpeni kazi hizi: aangalie winver kwenye zote sita na kuandika kwenye karatasi, anakili folda ya hesabu kwenye diski ya nje itakayochomolewa akishamaliza kunakili, afungue akaunti ya "ofisi" kwa katibu, aweke vitambulisho kwenye kompyuta zote nyingine hata zile mbili ambazo bado zinaprinti, kisha aone kama printa ina tundu la mtandao. Akimaliza hayo kabla ya chakula cha mchana, atoe ufunguo wa BitLocker wa kila kompyuta iliyosimbwa, auprinti kwa printa hiyohiyo iliyopona, na karatasi ziingie kwenye sefu pamoja na hati za mikopo. Ya meneja iwe juu kabisa, kama dukani watakuwa wamepokea simu.